Sindano ya Saa Mbili

14 Machi

Masika yameanza leo, nami nimenunua daftari. Mume wangu kanicheka. "Wewe? Orodha ya sokoni tu unaisahau mezani." Acha acheke. Mwaka jana mvua ilichelewesha dawa siku tisa, na siku zote tisa lawama ziliishia chumba cha dozi, yaani kwangu. Mwaka huu naandika kila kitu, nani kachelewa na kwa nini, ili wakinisimamisha mbele ya wakubwa niwe na la kusema.

Dawa yenyewe haina subira. Inatengenezwa upande wa pili wa mji, kwenye mashine inayoyapiga maji ya aina yake mpaka oksijeni iliyomo inageuka florini yenye mionzi. Florini hiyo wanaifunga kwenye sukari, wanatuletea kwa gari. Tangu hapo kila dakika mia na kumi zikipita inabaki nusu. Uiweke kwenye baridi, uifungie kabatini, uiombee dua, itabaki nusu, kisha nusu ya ile nusu. Sisi tunaiita Barafu. Dereva wetu anasema yeye ndiye mtu pekee anayebeba mzigo unaoisha njiani bila kumwagika wala kuibwa.

15 Machi

Dereva kachelewa dakika ishirini. Tope. Nimeandika.

19 Machi

Mlinzi wa getini tunamwita Afande, ingawa hajawahi kuvaa gwanda la jeshi hata siku moja. Simpendi sana. Anapekua mikoba yetu tukitoka kana kwamba tunaiba vijiko. Leo nilipomwamkia hakupekua kitu, akaniita pembeni.

"Binti, hiyo dawa mtakayomchoma mama watoto wiki ijayo, itakaa mwilini?"

Sikujua kwamba mgonjwa wa tarehe ishirini na saba ni mke wake. Ni fundi cherehani, ana uvimbe kwenye pafu, yuko kwenye vidonge tangu Januari. Walimpiga picha kabla ya kuanza, sasa anarudi ili ijulikane vidonge vimeshika au la. Kama havijashika, anabadilishiwa dawa mara moja.

Nikamwambia, "Afande, jioni itakuwa imebaki kidogo sana. Kesho yake asubuhi ni kama haikuwapo. Inageuka oksijeni ya kawaida, hii hii tunayovuta."

"Inakuja, inaonyesha, inaondoka?"

"Ndiyo hivyo."

"Ingekuwa shemeji yangu, ningeikaribisha kila wiki."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamweleza iliyobaki: uvimbe una uchu wa sukari, kwa hiyo unaila dawa yetu. Mashine inahesabu umekula kiasi gani, halafu inagawanya kwa kiasi tulichomchoma mgonjwa. Namba ikishuka kuliko mara ya kwanza, vidonge vinafanya kazi. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi, akanishukuru kama nimeshamponya mkewe.

Labda nilimwonea tu na hayo mambo ya mikoba.

22 Machi

Nimemfokea mwenzangu wa zamu mbele ya wagonjwa kwa kutopima sindano mara ya pili. Alistahili.

27 Machi

Siku mbaya. Naandika yote.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri kama imetumwa. Dereva akafika saa mbili kasoro robo, kalowa hadi masikioni. Nikavuta dozi ya kwanza, ya mke wa Afande, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Nikaishusha kisimani. Kisima ni chombo chetu cha kupimia: unatumbukiza sindano, namba inatokea. Saa mbili kamili, mia tatu sabini na mbili. Nikabandika karatasi yake, nikaivisha ganda lake la madini ya risasi, nikaiweka mezani.

Mgonjwa hayupo. Barabara ya kwao imejaa maji. Nikawatanguliza wengine wawili. Hapo dari la chumba cha mashine likaanza kuvuja, tukawa tunakimbizana na ndoo na matambara. Saa tatu na robo mama akaingia, viatu mkononi, sketi imeloa hadi magotini, anaomba radhi kwa kila mtu. Akapimwa sukari, ikawa sawa. Mshipa ukakataa mara mbili. Mimi nimebana simu begani naongea na fundi wa paa, huku naitwa, kule naitwa. Mshipa ulipokubali, nikachukua sindano yake mezani nikamchoma. Saa nne kasoro dakika kumi.

Sheria ya chumba chetu ni maneno matatu, hata usingizini nayasema: pima, choma, pima. Unapima sindano dakika ile ile unayotaka kuchoma, na unapima mabaki baada ya kuchoma. Ni kazi ya nusu dakika. Mimi nilichoma tu.

Nikakaa kwenye kompyuta kujaza fomu. Inauliza: kiasi gani, kimepimwa saa ngapi? Kiasi kimeandikwa kwenye karatasi. Saa je? Ningeandika saa mbili kamili, kompyuta ingepiga yenyewe hesabu ya kupungua na mambo yangekaa sawa. Lakini Daktari Mkuu angeona kwamba sikupima tena. Na juzi tu nimemfokea mwenzangu kwa kosa hilo hilo! Nikaandika 372, saa tatu na dakika arobaini na nane. Vidole hivi hivi vinavyoandika sasa. Nikajiambia tofauti ni ndogo.

Mchana nilipokuwa nakusanya taka niliisoma tena ile karatasi. Saa mbili hadi saa nne kasoro kumi. Dakika mia na kumi, hazizidi hata moja, hazipungui. Nikageuza ndoo nikaketi juu yake. Mama wa watu nimemchoma mia na themanini na sita, na nimeandika mia tatu sabini na mbili. Mashine itagawanya kwa namba kubwa mara mbili. Uvimbe wake, hata kama haujabadilika chochote, utaonekana umepungua nusu.

Kesho asubuhi namwambia Daktari Mkuu kabla hajaisoma picha. Nimeapa.

28 Machi

Sikumwambia. Nilifika mapema, nikakuta ameshaifungua. Daktari wetu ni mwanamke asiyeingia ofisini, anavamia.

"Mbona picha ina chengachenga hivi?" akauliza bila kugeuka.

Chenga zinatokea dawa ikiwa kidogo. Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Alitikisika, daktari."

Jamani! Sijui limetoka wapi neno hilo. Yule mama alilala saa nzima kwenye chumba cha kusubiri bila hata kujikuna, nilimwona kwa macho yangu kwenye kamera, na kwenye mashine alilala vile vile. Daktari Mkuu akaguna, akaandika. Ripoti sasa inasema mgonjwa alitikisika.

30 Machi

Mara ya kwanza uvimbe ulikuwa na namba tisa nukta nne. Safari hii nne nukta saba. Ripoti inasema vidonge vimeshika vizuri, aendelee navyo, arudi baada ya miezi mitatu.

Afande alinisubiri getini. Akanishika mikono yote miwili, akaitikisa mpaka mwavuli ukaanguka.

"Nusu, binti! Imepungua nusu! Mama watoto jana kaimba jikoni, na sauti yake unaijua? Huijui, una bahati. Binti yetu yuko mkoani, alikuwa ameomba likizo bila malipo aje amuuguze. Tumempigia tukamwambia tulia, usije, shika kazi yako. Mama yako anapona."

Nikasema, "Tumshukuru Mungu." Nimelisema neno hilo nikiwa na meno yote nje. Kisha nikaokota mwavuli nikaingia ndani.

2 Aprili

Mvua. Dereva kafika kwa wakati. Nimepima kila sindano mara nne.

6 Aprili

Jana nilimwambia mume wangu. Yeye ni fundi wa majokofu, ana akili iliyotulia, na tangu tuoane nikikwama namkimbilia yeye. Alikuwa amelala chali kuchunguza nyuma ya jokofu la jirani, tochi mdomoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa tochi.

"Kwani hiyo dawa si inaisha yenyewe? Umesema kesho yake hakuna kitu."

"Ndiyo."

"Basi nani atajua? Na kama vidonge vinafanya kazi kweli? Wewe unajuaje havifanyi? Kitumbua chetu usikitie mchanga kwa jambo usilo na hakika nalo, mke wangu."

Niseme kweli yangu: nilifurahi. Nililala fofofo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Asubuhi nikamtazama akinywa chai, mtu mwema, baba wa wanangu, nikaona aibu kwa ajili yetu wote wawili. Barafu ilishageuka hewa. Ile 372 iko pale pale kwenye kompyuta, haijapungua hata moja.

11 Aprili

Daktari Mkuu kaniita. Nikajua yametimia. Kumbe anataka kunifanya msimamizi wa chumba cha dozi. "Wewe huna mchezo na vipimo," akasema. Nimeitikia ndiyo.

17 Aprili

Mke wa Afande amekuja mwenyewe. Si siku yake, hana miadi. Kafika na mfuko wa karatasi, ndani mna koti jeupe la kazi, kalishona kwa mkono wake. Mifuko mitatu, shingo imelazwa vizuri, vifungo vimekaa sawa. Vipimo vyangu alivikadiria kwa macho siku ile nilipokuwa natafuta mshipa. Limenikaa kama nilizaliwa nalo.

"Mama, hukupaswa," nikasema.

"Ni la kuomba radhi, mwanangu. Nimesomewa ile karatasi ya daktari. Inasema nilitikisika. Nilijitahidi sana, Mungu ananiona. Nilikuwa hata mate simezi. Pengine ni baridi ya zile nguo mbichi. Nisamehe kama nilikuharibia kazi."

Likanikata maini. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye korido. Badala yake nikasema, "Usijali, mama, hutokea." Nikamsindikiza hadi getini chini ya mwavuli wangu, na njia nzima amenishika kiwiko, ananisimulia sare za shule anazoshona, kwamba sasa ana nguvu, kwamba amepokea kazi hadi za mwezi wa saba.

Koti nimelificha chini ya shuka. Sitalivaa.

24 Aprili

Inanyesha.

25 Aprili

Inanyesha. Nimepita geti la nyuma, la wabeba taka.

29 Aprili

Geti la nyuma tena. Msimamizi mzima wa chumba cha dozi ananyata kati ya mapipa! Mwenzangu wa zamu, yule niliyemfokea, kaniuliza nimekosana na Afande nini. Nikamjibu ovyo. Hakukasirika. Akaniambia, "Dada, tangu mwezi wa tatu huli mchana." Mtu niliyemdharau ndiye aliyeona. Mume wangu hajaona.

3 Mei

Geti la nyuma limefungwa kwa sababu ya maji. Nikapita mbele. Afande akapekua mkoba wangu taratibu, nikajua ana neno.

"Mama watoto anakohoa, binti. Wiki ya pili sasa. Nimemwambia ni hii mvua."

"Anakohoa vipi?"

"Ah, kikohozi tu. Na bega linamvuta. Si ni cherehani hiyo? Anainama kutwa nzima." Akanitazama. "Maana uvimbe umepungua. Si umepungua?"

Alitaka nimwambie ndiyo. Nikasema aende amwone daktari, asingoje miadi. Akasema watangoja, picha si ilikuwa nzuri, kwa nini wamsumbue daktari? Ni picha yangu ndiyo inamzuia asiende. Wiki tano na siku mbili amemeza vidonge visivyofanya kitu, na mimi nahesabu mifuko ya koti.

6 Mei

Nimesema.

Sikulala, nikaondoka nyumbani bila kumwambia mume wangu, maana angenizuia kwa upole wake ule. Nikamkuta Daktari Mkuu anakunja mwavuli. Nikapiga moyo konde nikayatoa yote pale mlangoni, nimesimama: sindano ya saa mbili, saa niliyoandika, chenga, kutikisika. Nilidhani atapiga kelele. Mwaka mzima namwogopa huyu mama. Yeye akaweka mwavuli kwenye ndoo, akasema, "Kaa."

Akaifungua ile picha. Hakutazama uvimbe, alitazama ini. Ini la mtu halibadilikibadiliki, kila mara linakula kiasi kile kile cha dawa. La mke wa Afande Januari lilikuwa mbili nukta tatu. Machi, moja nukta mbili.

"Nusu," akasema. "Ini lenyewe lilikuwa linaniambia. Nilisoma uvimbe kwa kuwa ndio niliotaka kuusoma, ini nikaliruka." Akavua miwani. "Langu hili nitalibeba mimi. Lako utalibeba wewe."

Akarekebisha kiasi na saa. Kompyuta haikuchukua hata pumzi mbili. Namba ya uvimbe ikapanda kutoka nne nukta saba hadi tisa nukta nne. Ile ile ya Januari. Vidonge havikuwahi kushika.

Ameniondoa kwenye dozi mpaka uchunguzi wa hospitali uishe. Usimamizi ndio basi. Kesho mama anapigwa picha upya, kisha wataambiwa. Nimeomba niwepo wakiambiwa. Alifikiri kwanza, akakubali.

7 Mei

Mwenzangu wa zamu ndiye aliyemchoma. Alipima mara mbili kwa sauti. Nilitazama kwenye kamera mama akiwa amelala kwenye chumba cha kusubiri, mikono ubavuni, macho darini, hatikisiki. Mtu akishachomwa hatupaswi kumkaribia bila sababu, anatoa miale saa zile. Leo nimeishukuru sheria hiyo, halafu nikajichukia kwa kushukuru.

Uvimbe umekua. Kuna doa jipya kwenye bega.

8 Mei

Walikaa wote wawili upande mmoja wa meza. Afande alivaa shati la kutokea. Daktari Mkuu akaeleza: picha ya Machi ilikosewa hesabu, vidonge havikufanya kazi, ugonjwa umefika kwenye bega, Jumatatu wanaanza matibabu mengine ya drip, makali zaidi. Alisema neno "tulikosea." Mimi nikamkatiza.

"Ni mimi, mama. Sikupima sindano yako mara ya pili. Dawa ilikuwa imebaki nusu, mimi nikaandika nzima. Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza."

Afande akasimama. Kiti kikaanguka. Hakukiinua, macho yake yako kwangu. Nilitamani anipige.

Mke wake hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Kwa hiyo sikutikisika," akasema.

"Hukutikisika, mama. Hata kidogo."

"Nilijua." Akavuta pumzi, kikohozi kikamkamata, Afande akainama kumshika. Kilipopita akasema tena, kwa sauti ndogo, "Nilijua. Nililala pale kama mti. Nikarudi nyumbani nikamwambia huyu mzee, pengine mwili umenidanganya. Wiki zote hizi sijauamini mwili wangu."

Nikasema nisamehe. Akamshika mumewe mkono wakatoka, na ni haki yao.

9 Mei

Mume wangu amelisoma daftari hili. Nililiacha mezani makusudi. Alipofika tarehe sita Aprili alilifunga, akaenda kukaa nje kwenye mvua. Aliporudi akasema, "Mimi ningenyamaza hadi leo." Nikampa taulo. Tukala.

11 Mei

Jua. La kwanza tangu Machi.

12 Mei

Jumatatu. Drip ya kwanza. Si kazi yangu, niliomba ruhusa nikakae nao, nikaambiwa wakikubali wenyewe. Afande akanifungulia mlango wa wodi bila kunisalimu. Shikamoo yangu ikaning'inia. Mama alikuwa ameegemea mto, mrija mkononi, midomo imekauka. Akanionyesha kigoda.

Nikakaa kama robo saa. Dawa inadondoka, sisi tunaitazama. Kisha akamwomba mumewe ampe simu yake iliyokuwa kwenye mkoba, akatafuta namba, akaninyooshea.

"Binti yangu," akasema. "Yule niliyemwambia asije. Kila Jumapili ananipigia, kila Jumapili namwambia napona. Nilimwambia uongo wako kwa furaha yangu yote, mwanangu. Nguvu ya kumwambia na huu ukweli sina. Mwambie wewe."

Nikamtazama Afande. Aligeukia dirisha.

Ikaita mara mbili.

"Shikamoo mama!" Sauti ya mtu anayetabasamu. "Leo umenipigia wewe! Kikohozi kimeisha?"

Nikasema, "Mimi si mama. Mama yuko hapa, anakusikia. Mimi ndiye niliyemchoma ile sindano ya mwezi wa tatu, nikaandika uongo. Haponi. Hakuwa anapona. Leo ndiyo ameanza dawa mpya."

Huko mlango ukafungwa, kelele za watu zikakatika.

"Dada," akasema. Hakuniuliza jina langu, wala kwa nini. "Niambie kitu kimoja tu, na huu usiwe uongo. Nisubiri mwisho wa mwezi, nifunge kazi vizuri, au nipande basi leo?"

Mama alikuwa amefumba macho. Machozi yanashuka upande wa sikio, hayafuti.

"Panda leo," nikasema.